Kipimo cha jeni kwenye uvimbe wa pafu: tusubiri majibu au Baba aanze kemo?

Kutoka: Binti wa Tanga, Columbus

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Naomba ushauri, hasa kwenu mliopita njia hii. Baba ana miaka 71 na hajagusa sigara maishani. Alianza kukohoa, tukasema ni baridi ya huku. Picha ya kifua ikaonyesha uvimbe pafu la kulia, wakakata kipande kidogo cha nyama ya uvimbe (kinyama) kukipima, na jibu ni saratani ya mapafu, aina ya adenokasinoma. Imeshafika kwenye mifupa. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Sasa daktari anataka kinyama kipimwe jeni kwanza, na majibu huchukua wiki mbili hadi tatu. Hapo nyumba imegawanyika. Kaka zangu walioko Tanga wanasema huko ni kumchelewesha mzee, aanze kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kesho. Baba mdogo kasikia neno "jeni" akaja juu: wanatafuta nini kwenye damu yetu, au wanataka kujua nani mtoto wa nani? Na mimi usingizi umeniruka. Kama ni jeni, wanangu je?

Nijibuni kwa ufupi, kichwa hakijatulia.

---

Kutoka: Mzee wa Minneapolis

Waalaykum salaam. Pole sana binti yangu. Kwa ufupi sitaweza, unisamehe.

Mke wangu alipata ugonjwa huohuo, naye hata moshi wa ubani ulikuwa ukimkera. Sisi tuliharakisha. Hospitali ya kwanza ilimtundikia dripu ya kemo pamoja na dawa ya kuamsha kinga ya mwili wiki ileile, nami nikashukuru kwamba angalau kuna kinachofanyika. Siku kumi na mbili baadaye majibu yakatoka: jeni iitwayo EGFR imeharibika kwenye uvimbe. Kumbe alichohitaji ni kidonge. Na hakikuweza kuanza palepale, maana dawa ya kinga hukaa mwilini muda mrefu, na kidonge chenyewe, osimertinibu, kikiifuata upesi mapafu yanaweza kuvimba vibaya. Ikabidi tusubiri tena, safari hii kwa hofu kubwa zaidi.

> wanatafuta nini kwenye damu yetu

Mwambie baba mdogo atulie. Kinachosomwa ni jeni za uvimbe, si za ukoo. Chembe moja ya pafu ilikosea wakati wa kujinakili, labda miaka mingi iliyopita, na kosa hilo limebaki kwa watoto wa chembe hiyo tu. Wanao hawakulirithi. Mara chache sana kipimo hudokeza jambo la kurithi. Likitokea, watawaeleza na kuomba ruhusa ya kupima upya.

Nilivyoelezwa mimi, EGFR ni kama bomba la maji: hufunguka chembe inapotakiwa kuongezeka, kisha hufungwa. Likikwama wazi, maji hayakomi. Kidonge kinafunga bomba hilohilo. Kemo yenyewe hupiga kila chembe inayojigawa haraka, ndiyo maana nywele nazo huondoka. Vidonge vya kwanza vya namna hii viliwasaidia wagonjwa wachache tu na watu hawakuelewa sababu, hadi 2004 watafiti wa Boston walipoona kwamba wanaopata nafuu haraka ndio wenye EGFR iliyoharibika. Mwaka 2007 Wajapani wakagundua nyingine, ALK, nayo leo ina vidonge vyake. Kisha ROS1, RET, MET, BRAF na wenzao. Kwa asiyevuta sigara kama Baba, uwezekano wa kukuta mojawapo ni mkubwa kuliko kwa mvutaji.

Sitakudanganya kwamba ni tiba ya kumaliza. Katika utafiti mkubwa wa osimertinibu, nusu ya wagonjwa walikaa karibu miezi 19 au zaidi kabla ugonjwa haujasonga. Kwa vidonge vilivyotangulia ilikuwa miezi 10. Baadaye uvimbe hujifunza njia nyingine. Lakini mke wangu kwa miezi hiyo amepika, amekwenda harusini, amegombana nami kama kawaida.

Muulize daktari mambo haya: je, wanapima jeni zote kwa mkupuo au moja moja? Wanaweza kuchukua na damu sambamba? Na kama Baba atazidiwa kabla ya majibu, wataanza kemo peke yake bila ile ya kinga? Omba nakala ya ripoti yote, si barua ya muhtasari.

Halafu usimtafsirie mwenyewe. Hospitali inayopokea fedha za serikali inapaswa kuleta mkalimani bila malipo. Mimi nilimtafsiria mke wangu, nikajikuta nayameza maneno mazito.

---

Kutoka: Muuguzi, Leicester

Mzee kamaliza, naongeza mawili tu.

Tatizo tunaloliona sana ni kinyama kutotosha. Kikishakatwa vipande vya kutambua aina ya saratani, kinachobaki ni kama unga wa kubandua chini ya sufuria. Piga simu leo uulize kama maabara imethibitisha kinatosha, usije ukaambiwa wiki ya tatu kwamba hakikutosha. Ile ya damu hutafuta vinasaba vilivyomwagika kutoka kwenye uvimbe. Ikikuta kitu, vizuri. Isipokuta, haimaanishi hakipo.

La pili: Baba anatumia dawa yoyote ya TB? Baadhi yetu tuliotoka nyumbani hupewa rifampisini. Hiyo huifanya ini imeng'enye osimertinibu haraka mno, nguvu ikapotea. Wataje pia mitishamba, hata ile mnayoiona si dawa.

---

Kutoka: Binti wa Tanga, Columbus

Jamani! Baba yuko mwezi wa tatu wa rifampisini ya TB iliyolala, yaani vijidudu vipo ila havijamwuguza. Daktari wa saratani hakuwa na habari, kila kliniki ina faili lake. Nimewapigia wote wawili, wameisimamisha na watazungumza wao kwa wao.

Kinyama kilitosha. Majibu yametoka siku ya kumi na sita: EGFR, kwenye kipande cha jeni kiitwacho eksoni 19. Kidonge kimoja kwa siku, miligramu 80. Maelezo ya Mzee wa Minneapolis nimeyatuma kwenye kundi la familia. Baba mdogo kajibu "sawa" tu, kwake hiyo ni hotuba.

Mawili yamebaki. Bei ya dawa imenitoa jasho. Na Baba anauliza kuhusu Ramadhani.

---

Kutoka: Mzee wa Minneapolis

Bei: kama ana Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, yenye sehemu ya D inayolipia dawa, tangu 2025 kuna kikomo cha mwaka cha anachotoa mfukoni kwa dawa, kilianza na dola 2,000. Ombeni mgawanyo wa kila mwezi, la sivyo mzigo wote utawaangukia Januari.

Ramadhani: kidonge hakidai chakula, kinadai saa ileile kila siku. Mke wangu alikimeza baada ya futari. Ila mwezi wa kwanza kinaweza kuharisha, na mwenye kuharisha maji yanamwisha. Hapo daktari na imamu wote watamwambia ale. Nunueni mafuta ya kupaka mazito mapema, ngozi hukauka na kucha huuma pembeni. Nikipata nafasi Jumamosi nitampigia Baba mwenyewe. Saa ngapi huwa macho?