Mwanafunzi wa kompyuta afundishwe nini kabla ya kwenda fildi?

Wakuu, wanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dar wanakaribia kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini. Tuanze na nini?

Jibu: Git, mkuu, ile programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Kila kazi iwe na tawi lake, yaani mkondo wake wa pembeni wa mabadiliko. Kosa linaloumiza ni kupandisha faili la .env lenye nywila ya hifadhidata. Kulifuta baadaye hakutoshi, historia bado inalo. Badilisha nywila kwanza, kisha liondoe kwa `git rm --cached .env` na uliandike kwenye .gitignore, orodha ya mafaili ambayo Git isiyafuatilie.

Jibu: Naunga mkono. Pia waripoti hitilafu kikamilifu: hatua walizofuata, walichotarajia, kilichotokea, na ujumbe wa kosa wote kwa maandishi. "Haifanyi kazi" haimsaidii mtu.

Jibu: Logibuku, daftari la kazi za kila siku za fildi, ijazwe kila jioni. Ukisubiri Ijumaa, utaandika "niliendelea na kazi" siku tano. Na anayetoka Mbagala kwenda Posta ahesabu foleni.