Wayahudi banamuona Shetani namna gani?

Mwana Kadutu: Bandugu, siku ya yenga pasta alihubiri juu ya Yobu, nikafika nyumba nikasoma sura ya 1 mwenyewe, kumbe Shetani anakuja mbele ya Mungu kuomba ruhusa! Sasa Wayahudi banasema nini, na juu ya nini habakubali Yesu ni Masiya?

Papa wa Nyawera: Mwanangu, kwa Wayahudi wengi ule ni mushitaki tu, anatumikia Mungu, hana ufalme wake. Na zambi ya Adamu hairitiwi, Ezekieli 18:20 inasema mwana hatabeba uovu wa baba. Mutu akikosa anatubu, anapatana kwanza na mwenye alimukosea, na siku ya Yom Kippur, siku yao kubwa ya kuomba musamaha wa zambi, anafunga. Sisi Wakristo tunafwata Paulo, Waroma 5, kwamba zambi ya Adamu ilifikia batu bote.

Dada Goma: Masiya wao ni mutu, muzao wa Daudi, atakusanya Israeli, hekalu litajengwa na vita itaisha kabisa, Isaya 2:4. Banaangalia dunia, vita ingali iko. Sisi ba Goma ile swali tunaisikia mu roho. Ila mie naamini mtumishi mwenye kuteswa wa Isaya 53 ni Yesu, hata kama Rashi, mwalimu mukubwa wa Wayahudi wa zamani, aliandika ule mtumishi ni taifa la Israeli.

Mwana Kadutu: Aksanti papa, aksanti dada. Leo mangaribi nasoma Ezekieli 18 yote.