Pointi gadi wa drafti ya 2018: Young, Sexton, Gilgeous-Alexander au Brunson, kipimo kipi kilistahili kuaminiwa?

Mkesha wa Kikapu

Ndugu wanajukwaa, naomba tuwalinganishe pointi gadi wanne, yaani wachezaji wanaoushika mpira na kuanzisha mashambulizi, waliotoka vyuoni kwenda NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, katika drafti ya Juni 2018, ambapo timu huita wachezaji wapya kwa zamu, kwa sababu sioni kundi jingine la miaka ya karibuni ambalo vipimo vya maskauti viligongana waziwazi kiasi kile. Trae Young wa Oklahoma aliitwa wa 5, Collin Sexton wa Alabama wa 8, Shai Gilgeous-Alexander wa Kentucky wa 11, naye Jalen Brunson wa Villanova akasubiri hadi raundi ya pili, nafasi ya 33. Baadaye Gilgeous-Alexander akawa MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, wa msimu wa 2024/25 na bingwa akiwa na Oklahoma City, na Brunson akawa nahodha wa New York Knicks. Kuhukumu baada ya matokeo ni rahisi, kwa hiyo siulizi nani alichemsha. Nauliza hivi: kwa taarifa zilizokuwapo mezani mwaka ule, tungetoa uzito mkubwa kwa takwimu, kwa umbile, kwa umri au kwa ushindi?

Naanza na takwimu kwa sababu ndizo zilizopigiwa kelele. Young aliongoza vyuo vyote kwa pointi, 27.4 kwa mchezo, na kwa asisti (pasi za kufungia), 8.7, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya katika msimu mmoja kabla yake. Dhidi ya Northwestern State alitoa asisti 22. Lakini mchezaji huyohuyo alipoteza mpira mara 5.2 kwa mchezo, na wapinzani walipozoea kumpelekea mlinzi wa pili mapema, Oklahoma ilianza kufungwa mfululizo, ikatolewa na Rhode Island katika raundi ya kwanza ya NCAA, mashindano ya ubingwa wa vyuo.

Tukumbuke pia kwamba chuoni watu wanacheza kwa sheria nyingine. Timu ina sekunde 30 za kushambulia badala ya 24. Senta, yule mchezaji mrefu wa chini ya ringi, anapokaba anaweza kupiga kambi pale muda wote, wakati NBA humwadhibu mlinzi anayekaa eneo lile kwa zaidi ya sekunde 3 bila kumkaba mtu. Mstari wa pointi tatu wakati ule ulikuwa mita 6.32 kutoka kwenye ringi, ilhali wa NBA uko mita 7.24. Anayetegemea kupenya huonekana chuoni wa kiwango cha chini kuliko alivyo, kwa kuwa njia imejaa watu, na mtupaji wa mbali huonekana wa kiwango cha juu kuliko alivyo, isipokuwa awe anatupa kutoka nyuma kabisa ya mstari kama Young alivyozoea. Kwa hoja hiyo ningempa Young nafasi yake ya 5 bila kusita, ila Gilgeous-Alexander kushuka hadi 11 ningelipinga hata siku ileile.

Hesabu Tupu

Nakubaliana nawe kuhusu sheria, lakini katika takwimu umechagua zile zinazong'aa. Mimi nikitazama pointi gadi wa chuo, jicho langu huenda kwanza kwenye mitupo huru, kwa sababu pale hakuna mlinzi, hakuna skrini (mwenzako kusimama njiani kumzuia mlinzi wako), hakuna kocha. Ni mkono wa mchezaji peke yake. Gilgeous-Alexander alifunga asilimia 40.4 ya mitupo ya pointi tatu, na wengi walisema takwimu hiyo haina maana kwa sababu alijaribu mara 57 tu msimu mzima. Walikuwa sahihi kuishuku, lakini wangeisoma pamoja na asilimia 81.7 ya mitupo huru wangeona kwamba mkono ule haukuwa na kasoro.

Timu ya Philadelphia ilijifunza somo hili pande zote mbili. Mwaka 2017 ilipanda hadi nafasi ya 1 ili imchukue Markelle Fultz wa chuo cha Washington, aliyefunga asilimia 41.3 ya pointi tatu lakini chini ya 65 ya mitupo huru. Mkono wake ukavurugika, na ingawa madaktari walikuja kugundua tatizo la neva begani, ile asilimia ya mitupo huru ilikuwa imeandikwa mapema. Mwaka 2020, nafasi ya 21, timu hiyohiyo ikamchukua Tyrese Maxey wa Kentucky, aliyekuwa na asilimia 29.2 tu ya pointi tatu na 83.3 ya mitupo huru. Mwaka 2024 Maxey aliitwa All-Star, mchezo wa nyota wa ligi.

Sexton simjadili sana. Alikuwa mfungaji hodari. Mtu aliyefunga pointi 40 dhidi ya Minnesota huku timu yake ikimaliza mchezo na wachezaji watatu uwanjani hana woga. Lakini asisti 3.6 kwa mchezo kwa mtu anayeushika mpira muda wote zinaeleza habari yake vizuri.

Kocha wa Vijana, Nairobi

Ndugu Hesabu, mitupo huru haimkabi mtu. Katika michezo ya mtoano ya NBA timu inayoshambulia humtafuta mlinzi mdogo kuliko wote, humwita kwenye skrini kila mara, na kumlazimisha akabane na mtu anayemzidi kimo. Pointi gadi mwenye urefu wa sentimita 187 anaweza kufunga pointi 30 na bado timu yake ikapata hasara upande wa pili. Hilo ndilo deni la Young, na lilionekana chuoni, ambako hakuwa akipewa kazi ngumu ya kukaba. Gilgeous-Alexander ana sentimita 198, na mikono yake ikinyooshwa hupita mita 2.10. Mtu wa namna hiyo unaweza kumpangia mlinzi au winga yeyote, kwa hiyo hata asingejifunza kutupa angepata dakika.

Niongeze jambo ambalo vipimo vya Chicago, wanakofanyia majaribio ya mwili kabla ya drafti, havilioni. Kule wanapima kuruka, wanapima mbio za robo tatu ya uwanja, wanapima wepesi wa kugeuka, na Gilgeous-Alexander hakuwa wa kutisha kwa kasi. Lakini ukimtazama akitoka kwenye skrini, haendi mbio. Anapunguza mwendo hadi mlinzi wake anabaki mgongoni, anamzuia hapo kwa kiuno, na senta anayemsubiri mbele hajui kama asogee au arudi. Hatua mbili ndefu, mguu wa pili unatua pembeni badala ya mbele, na mpira tayari uko upande ambao mkono wa senta haufiki. Nawaonyesha vijana wangu kipande hicho bila sauti, kwa sababu watangazaji hupiga kelele wakati wa mtupo na kazi imeshafanyika sekunde mbili kabla.

Binti Kisauni

Kocha, shikamoo. Maelezo yako ya miguu nayapenda, lakini ukiyafuata hadi mwisho yanakufikisha kwa Brunson, ambaye kwa kipimo chako cha kimo ungemwacha. Ana takriban sentimita 188, mikono ya kawaida, haruki. Hata hivyo Villanova walikuwa na tabia ya kumpeleka karibu na ringi akiwa amempa mlinzi mgongo, kama senta. Alidunda mara moja, mara mbili, akasimama kwa miguu yote miwili kwa pamoja, kisha akageuka upande huu, akarudi upande ule, hadi mlinzi akaruka bila sababu. Anayesimama kwa miguu miwili haangushwi na mgongano na anabaki na pande zote za kugeukia. Ndivyo alivyofanya chuoni, na ndivyo alivyoendelea kufanya New York akiwa na walinzi warefu zaidi mbele yake.

Takwimu zake nazo hazikuwa za kudharauliwa: pointi 18.9, asilimia 40.8 ya pointi tatu, na kupoteza mpira chini ya mara 2 kwa mchezo, huku timu ikichukua ubingwa wa 2016 na wa 2018 na yeye akitajwa mchezaji bora wa vyuo. Kilichomshusha ni umri. Alizaliwa Agosti 1996, kwa hiyo alikuwa anakaribia miaka 22, ilhali Young na Gilgeous-Alexander, waliozaliwa 1998, walikuwa na 19. Kwa wastani maskauti wana haki: kijana wa miaka 19 anayefanya sawa na wa miaka 21 bado ana nafasi ya kukua. Lakini wastani huo unamhusu mtu ambaye mchezo wake unategemea mwili kuwazidi watoto, na Brunson hakuwazidi mwili hata siku moja. Damian Lillard naye alimaliza miaka minne Weber State, chuo ambacho wengi hawakukijua, akaitwa wa 6 mwaka 2012 na kuwa mchezaji bora kati ya wanaoanza ligi msimu uliofuata.

Mwenzenu wa Minneapolis

Ninaishi katika mji ambao hauruhusiwi kusahau mwaka 2009, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Timu yetu, Minnesota Timberwolves, ilikuwa na nafasi ya 5 na ya 6 katika drafti ya mwaka huo. Ikamchukua Ricky Rubio kutoka Uhispania na Jonny Flynn wa Syracuse, na Stephen Curry wa Davidson akaenda Golden State katika nafasi ya 7.

Flynn alikuwa na sifa zote za kuuzika. Machi mwaka ule alicheza dakika 67 dhidi ya chuo cha UConn (Connecticut) katika mchezo ulioongezwa muda mara sita, akafunga pointi 34, na upande wa pili alikuwapo Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, ambaye katika drafti hiyohiyo aliitwa wa 2. Lakini Syracuse walikuwa wakikaba eneo, wawili mbele na watatu nyuma, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuona kama Flynn angeweza kumkaba mtu mmoja kwa mmoja. Curry alitiliwa shaka kwa sababu ya mwili mwembamba na wapinzani wa vyuo vidogo, na pia kwa sababu miaka miwili ya kwanza hakucheza pointi gadi. Mwaka wa tatu alipokabidhiwa mpira aliongoza vyuo kwa pointi 28.6 na bado akatoa asisti 5.6. Kila chuo kinaficha kitu, na skauti analipwa ili ajue kipi.

Mkesha wa Kikapu

Hoja ya kufichwa na mfumo ndiyo iliyokosekana katika andiko langu, na inamhusu Gilgeous-Alexander kuliko wote. Kentucky ya kocha John Calipari ilikusanya vijana wengi wenye uwezo na kuwagawia mpira mmoja. Devin Booker alitokea benchi pale msimu mzima kabla ya kuitwa wa 13 mwaka 2015, na Gilgeous-Alexander naye alianza msimu wake benchi. Pointi 14.4 za Kentucky haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja na 27.4 za Oklahoma, ambako kila shambulizi lilianza na kuishia kwa mtu mmoja.

Hesabu Tupu

Kwa hiyo tuseme nafasi ya 5 ni yako leo, na una taarifa za Juni 2018 tu. Unamchukua nani?

Kocha wa Vijana, Nairobi

Gilgeous-Alexander, kwa mikono na mwendo. Brunson ningemchukua mwishoni mwa raundi ya kwanza, si mapema zaidi ya hapo.

Binti Kisauni

Kocha ametaja mwishoni mwa raundi ya kwanza kwa sauti ya upole, lakini New York hawatakubali. Mimi ningebaki na Young katika nafasi ya 5, kwa sharti moja: niwe na winga watatu warefu wa kumficha kwenye ulinzi. Timu isiyo nao imchukue kijana wa Kentucky. Kuhusu Brunson, nafasi ya 15 ingekuwa halali kabisa, na timu iliyokuwa tayari na senta anayetupa kutoka nje ingepaswa kupanda juu zaidi, kwa kuwa eneo lile analogeukia lingekuwa tupu.