Ulinganisho: WoL, PoE au plagi ya Wi-Fi kuwasha vifaa vilivyo mbali?

Soketi_RJ45
Wakuu, heshima kwenu. Ofisi ya tawi haina fundi anayeshinda pale, na umeme hukatika mara kwa mara. Kuna seva 1 ya Linux, kamera 4 za PoE (zinazopata umeme kupitia kebo ya mtandao), akses pointi 1 na ruta ya MikroTik. Kipi kinafaa zaidi kuvirudisha hewani kutoka mbali: Wake-on-LAN (WoL, kuamsha mashine kwa paketi maalumu ya mtandao), kukata na kurudisha PoE, au plagi ya Wi-Fi?

waya_nane
Usichague moja kwa vyote, mkuu. WoL huwasha mashine iliyozimwa au iliyolala, basi. Seva ikiganda huku imewaka, WoL haitaigusa.

Kwa hiyo seva, anza na taa kabla ya mipangilio. Izime kwa `poweroff`, usichomoe waya. Zunguka nyuma, inama uangalie taa mbili ndogo za tundu la kebo. Hata moja ikiwaka, kadi ya mtandao bado inapata volti 5 za akiba kutoka pawa saplai na inasikiliza. Rangi ikibadilika usishtuke: kadi nyingi hushuka hadi 10 au 100 Mb/s mashine ikizimwa, na taa ya kasi hufuata.

Zikizimika kabisa, hakuna wa kuipokea paketi. Mshukiwa wa kwanza ni ErP (kipengele cha kuokoa umeme) kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine; iweke Disabled. Kisha, kwa jina la kadi yako badala ya `enp3s0`:

`ethtool enp3s0 | grep Wake-on`

Mstari wa pili ukionyesha `d`, WoL imefungwa. Ifungue kwa `ethtool -s enp3s0 wol g`. Hiyo hufutika mashine ikiwashwa upya, hivyo weka `WakeOnLan=magic` kwenye faili la .link (mipangilio ya kadi ya mtandao) la systemd, msimamizi wa huduma za Linux. Jina la faili lianze na namba ndogo kuliko 99, na ndani urudie mstari wa `NamePolicy`, la sivyo kadi inaweza kuamka na jina jingine na mtandao wote ukapotea.

Volti48
Nyongeza muhimu kwa sehemu yenye umeme wa kukatika: umeme ukirudi, kadi nyingi huwa hazisikilizi WoL mpaka mashine iwashwe walau mara moja. Kwenye BIOS tafuta "Restore on AC Power Loss", weka Power On. Seva itawaka yenyewe.

Paketi ya WoL ni ya kutangazwa ndani ya mtandao mmoja, haivuki ruta hivihivi. Ingia kwenye ruta kwa VPN (njia salama ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali), uitume kutoka hapo:

`/tool wol interface=bridge mac=AA:BB:CC:DD:EE:FF`

fundi_swichi
Kamera na akses pointi: PoE, bila mjadala. Swichi ikiwa ya MikroTik:

`/interface ethernet poe power-cycle ether5 duration=10s`

Piga hesabu ya wati kwanza. 802.3af, kiwango cha kawaida cha PoE, hutoa 15.4 W kwenye tundu, na kifaa huhakikishiwa 12.95 W, nyingine huliwa na kebo. Kamera 4 za 7 W na akses pointi ya 12 W ni 40 W. Nunua swichi yenye bajeti ya 60 W, maana kamera huongeza ulaji usiku taa zake za infraredi zikiwaka. Kamera inayojizima usiku tu, tuhumu bajeti au kebo ya alumini iliyopakwa shaba.

Taa ya PoE ikiwaka huku ya mawasiliano imekufa, kifaa kinapata umeme lakini hakijaamka, au jozi ya data imekatika. Subiri dakika 2 kabla ya kukata tena.

Soketi_RJ45
Na plagi ya Wi-Fi, mnaitupa kabisa?

waya_nane
Ibaki kwa seva iliyoganda, iwe chaguo la mwisho, kwa sababu kukata umeme ghafla huharibu mafaili. Ila usiiweke kwenye ruta. Ruta ikiganda, amri ya kuiwasha upya itapita wapi? Ukitumia plagi yenye Tasmota (programu huria ya kuendesha plagi), weka `PowerOnState 1` ili iwake kila umeme unaporudi.

Volti48
Seva ikiwa na kadi mbili, mtu wa pale asibahatishe tundu. Mpigie simu, kisha andika `ethtool -p enp3s0 30`. Taa ya tundu husika itapepesa kwa sekunde 30, naye abandike karatasi hapohapo.