Brighton Rock: nianze na riwaya, filamu ya 1947 au ya 2010?

Mpenda_Senema: Wakuu, nina mapumziko ya siku mbili. Kuna riwaya ya Graham Greene ya 1938, filamu ya John Boulting ya 1947, na ya Rowan Joffe ya 2010. Nianze na ipi?

BintiVitabu: Riwaya. Pinkie ana miaka 17 tu, anaongoza genge la wahuni wa mbio za farasi, ameshaua, na bado anaogopa jehanamu. Yeye na Rose, msichana anayempenda Pinkie, ni Wakatoliki. Usipoielewa imani yao utamwona Rose mjinga, na si mjinga hata kidogo. Anajua kabisa anampenda mtu wa aina gani.

Mkongwe77: Dada, hilo la imani nakubali, lakini ya 1947 ina Richard Attenborough! Alishamwigiza Pinkie jukwaani London mwaka 1943, kwa hiyo mbele ya kamera hahangaiki kumtafuta mhusika. Hapayuki. Anachezea uzi vidoleni, uso mkavu, nawe unasisimka mwili. Halafu yale mauaji kwenye treni ya mizimu, ule mchezo wa kutisha watu, pale gatini Brighton, mji wa pwani wa Uingereza. Kitabu hakikuonyeshi, kinakuacha ukisie.

Zawadi_K: Ya 2010 imehamishiwa 1964, vijana wa skuta na wa pikipiki wanapigana ufukweni. Helen Mirren ni mzuri kama Ida, mwanamke anayemwandama Pinkie. Basi, mimi sikuona zaidi.

BintiVitabu: Mkongwe, na ule mwisho? (Mpenda_Senema, ruka hapa kama hutaki kujua.) Pinkie amerekodi sahani ya santuri akimwambia Rose anamchukia. Kwenye kitabu, Rose anaondoka kwenda kuisikiliza, Pinkie ameshakufa. Greene anatuacha naye njiani. Kwenye filamu sindano inakwama, Rose anasikia "nakupenda" tu, tena na tena. Wamemwonea huruma, na kisa kimepungua makali.

Mkongwe77: Kwangu ni ukatili zaidi. Sahani bado anayo. Siku moja sindano itavuka. Na mswada wa filamu hiyo ya 1947 Greene mwenyewe aliuandika pamoja na Terence Rattigan.

Zawadi_K: Hata ya 2010 waliibakiza sindano ikwame.

Mpenda_Senema: Nimesoma yote, sikuruka. Leo usiku naangalia ya 1947, kesho kitabu. Nataka nimwone kwanza Rose akitabasamu.