Mjadala: Kosa kubwa la Kapteni halikuwa kukataa kutia sahihi

Ndugu zangu mnaopenda sinema za mashujaa, naomba tuufungue upya mjadala ambao wengi wenu mnadhani umekwisha, yaani nani alikuwa na haki katika filamu ya Captain America: Civil War. Tangu ilipotoka mwaka 2016, ikakusanya zaidi ya dola bilioni 1.1 na kuzipita filamu zote za mwaka huo kwa mapato duniani, mashabiki wamegawanyika makundi mawili kama matangazo yake yalivyowataka wagawanyike: watu wa Kapteni Steve Rogers na watu wa Tony Stark, yaani Iron Man. Hoja za pande zote mbili nimezisoma kwa miaka mingi, na baadhi yake niliwahi kuzitetea mwenyewe. Nilipoitazama mara ya kwanza nilitoka nikiwa mtu wa Kapteni kabisa. Leo siko huko tena, na sababu iliyonihamisha ndiyo ninayotaka kuiweka mbele yenu muijibu.

Kwa aliyesahau, mambo yalianza hivi. Kikosi cha mashujaa cha Avengers, ambacho Rogers na Stark ni watu wake, kilimfuatia mhalifu Brock Rumlow hadi Lagos, Nigeria. Rumlow alipojilipua, mwenzao Wanda Maximoff aliudhibiti mlipuko ule na kuuinua juu ili umati uliokuwa chini unusurike, lakini nguvu zikamshinda, ukapiga jengo na kuua watu, wakiwamo raia wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, waliokuwa wamekwenda huko kutoa misaada. Ndipo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Thaddeus Ross, alipoleta Mkataba wa Sokovia, uliopewa jina la nchi ya kubuni ambako vita vya Avengers viliua raia, na ulioungwa mkono na nchi 117, ambao ulitaka kikosi hicho kiwe chini ya jopo la Umoja wa Mataifa na kisiende kupigana popote bila ruhusa. Stark akakubali. Rogers akakataa kwa hoja moja ambayo mashabiki wake huirudia hadi leo, kwamba mikono iliyo salama zaidi bado ni ile yao wenyewe.

Hoja hiyo tusiipite haraka. Mtu anayesema hivyo anaomba aaminiwe. Hataki jopo wala sheria imsimamie, kwa hiyo dhamana pekee anayoweza kuitoa ni nafsi yake: kwamba huona mambo sawasawa hata moyo wake unapovutwa, na kwamba husema kweli hata kweli hiyo inapomgharimu. Mimi simlaumu mtu kwa kuomba kuaminiwa. Nauliza tu kama Rogers, siku alipoomba, alikuwa na dhamana hiyo mkononi.

Tuanze na Lagos, maana ushahidi wa kwanza ulitoka kinywani mwake mwenyewe. Alipokuwa akimfariji Wanda, alikiri kwamba Rumlow alilitaja jina la Bucky, rafiki wa Rogers wa tangu utotoni, na papo hapo yeye akawa tena kijana wa miaka 16 kule Brooklyn, akashindwa kuona mkanda wa mabomu uliokuwa mbele ya macho yake, na watu wakafa. Ni maungamo ya mtu mwema, na ninampenda kwa kuyatoa. Lakini yasikilizeni vizuri: huyu ni kamanda anayesema kwamba liko jina moja duniani ambalo likitajwa yeye huacha kuona. Muda mfupi baadaye anaukataa usimamizi wa nje kwa sababu anaiamini hukumu yake, na tangu hapo karibu kila uamuzi anaoufanya hadi mwisho wa filamu unahusu jina lilelile.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi. Katika filamu ya mwaka 2014, Captain America: The Winter Soldier, Rogers akiwa katika chumba cha chini ya ardhi cha kambi ya zamani huko New Jersey, alionyeshwa na Arnim Zola, mwanasayansi wa shirika la siri la uovu liitwalo Hydra, kwamba vifo vya Howard na Maria Stark, wazazi wa Tony, havikuwa ajali ya gari bali ni kazi ya Hydra. Mwenzao Natasha Romanoff alikuwa amesimama kando yake, jambo ambalo karibu hakuna shabiki anayelitaja, nami nadhani linastahili mjadala wake siku nyingine. Tangu siku hiyo Rogers alimwona Stark mara nyingi, akala naye, akapigana naye bega kwa bega, na hakumwambia neno.

Sasa ikumbukeni filamu iliyofuata, ya mwaka 2015, Avengers: Age of Ultron, wakiwa shambani kwa mwenzao Clint Barton wanapasua kuni. Stark alikuwa amemtengeneza roboti Ultron kwa siri pamoja na mwenzao Bruce Banner, yaani Hulk, na siri hiyo ilikuwa imeleta maafa. Rogers akamwambia kwa uchungu kwamba wakati mwingine wenzake wa kikosi hawamwambii mambo. Alikuwa na haki ya kulalamika, na mimi nilimuunga mkono. Sikukumbuka wakati ule, wala wengi wenu hamkukumbuka, kwamba mtu aliyekuwa akilalamikia siri za mwenzake alikuwa amebeba kifuani habari ya namna baba na mama wa mwenzake huyo walivyouawa. Nilipoitazama filamu hiyo tena baada ya kuiona Civil War, maneno yale ya shambani yalinichoma kuliko pigano lolote la uwanja wa ndege wa Leipzig, ambako kambi hizo mbili zilipambana.

Baadaye ikaja Siberia. Zemo, adui aliyepanga kuwagombanisha, akawasha ukanda wa video wa tarehe 16 Desemba 1991, Stark akamwona Bucky akiwaua wazazi wake kwa mikono, kisha akamgeukia Rogers na kumuuliza kama alikuwa anajua. Jibu la kwanza la Rogers lilikuwa kwamba hakujua kuwa ni yeye. Akaulizwa mara ya pili, akasema ndiyo. Hata katika dakika hiyo, na ukanda wa video ukiwa umekwisha kusema yote, kweli ilitoka kwa kuulizwa mara mbili. Mwishoni mwa filamu anamwandikia Stark barua na kukiri kwamba alidhani anamwepusha Tony na uchungu, kumbe alikuwa anajiepusha mwenyewe. Watetezi wa Kapteni wanaponiambia kwamba alinyamaza kwa huruma, huwa nawarudisha kwenye barua hiyo, kwa sababu yeye mwenyewe aliukataa utetezi huo.

Najua yatakayosemwa. La kwanza litakuwa kwamba Bucky hakuwa na hatia, kwa kuwa Hydra walimnyang'anya akili na hiari, na kwamba kumwua mtu wa namna hiyo ingekuwa dhuluma. Nakubali kabisa, na naongeza kwamba Stark alikosa vibaya alipotaka kumwua. Lakini kutokuwa na hatia kwa Bucky kulikuwa sababu ya kusema mapema, mahali patulivu, kabla maneno hayajabebwa na adui. Mtu akiambiwa habari ya msiba na rafiki aliyeketi naye, hupata nafasi ya kulia, kuuliza na kuelewa. Akionyeshwa msiba huo kwenye skrini na mtu anayemtakia mabaya, huku muuaji amesimama hatua chache kutoka kwake, hapati nafasi hiyo.

La pili ndilo lenye nguvu zaidi, nami sitaki kulipunguza. Mkataba wenyewe ulikuwa mbaya, na aliyeuleta alikuwa Ross, jenerali yuleyule aliyemwinda Banner miaka iliyotangulia. Stark alipompelekea ushahidi kwamba Bucky alisingiziwa mlipuko wa Vienna, kwenye mkutano wa kutia sahihi mkataba, uliomwua Mfalme T'Chaka wa Wakanda, Ross hakutaka kusikia. Waliomfuata Kapteni walitiwa katika gereza la Raft katikati ya bahari, Wanda akiwa amefungwa mikono na kuvishwa kola shingoni, na filamu haituonyeshi hakimu hata mmoja aliyewasikiliza. Rogers, ambaye mwaka 2014 aliligundua shirika alilolitumikia kuwa limejaa Hydra hadi juu, alikuwa na kila sababu ya kuogopa ofisi zinazotoa amri. Kwa hiyo simwambii yeyote hapa kwamba alipaswa kutia sahihi karatasi ile kama ilivyokuwa. Lakini kumbukeni kwamba kule Berlin, Stark alipomletea kalamu ambazo Rais Roosevelt alitia nazo sahihi sheria ya kuwasaidia washirika kwa silaha mwaka 1941, Rogers alikaribia kukubali, akasema tu kwamba lazima kuwe na masharti ya kulinda haki zao. Aliyarudisha mazungumzo nyuma aliposikia kwamba Wanda amefungiwa katika makao yao na mwenzao Vision amewekwa amzuie asitoke. Mtu anayeomba masharti hajakataa usimamizi. Tofauti yao juu ya mkataba ilikuwa ndogo kuliko tunavyoifanya tunapotetea kambi zetu, na ilikuwa tofauti ya watu wawili ambao wangeweza kuafikiana kama kila mmoja angeamini kwamba mwenzake amemwekea mezani kila anachokijua.

Stark naye hana usafi wa kujivunia. Alitia sahihi mkataba wa uwajibikaji kisha akaenda Queens kumchukua Peter Parker, kijana ambaye bado ni mwanafunzi, akamficha shangazi yake ukweli na kumpeleka Ujerumani kupigana na watu wazima. Baadaye akaenda Siberia bila kumwambia Ross. Anayesema kwamba Stark alivunja mkataba wake mwenyewe anasema kweli. Hata hivyo, mnaotumia jambo hili kama pigo la mwisho hamuoni kwamba linaitia nguvu hoja ya Stark, ambayo ilikuwa kwamba watu kama wao hawawezi kuachwa wajisimamie. Alikuwa amekutana na mama aliyempoteza mwanawe, Charles Spencer, kule Sokovia, na mama yule alimwambia usoni kwamba anamlaumu yeye. Stark hakuwa anadai kwamba yeye ni mwaminifu. Alikuwa anadai kwamba yeye si wa kuaminiwa peke yake, na matendo yake yakathibitisha. Rogers alidai kinyume chake, na matendo yake yakamkanusha.

Tena Rogers hakupata mtu kama mama yule. Katika kisa cha vibonzo cha mwaka 2006 na 2007, kilichoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven, ambacho filamu ilikichukua jina na wazo, Kapteni anaacha kupigana pale raia wa kawaida wanapomshika kwa mikono yao na kumfanya aone mji unavyoangamia kwa ajili ya ugomvi wao. Filamu haikumpa tukio hilo, na naona hilo ni pengo kubwa. Hakuna mkazi hata mmoja wa Lagos anayesimama mbele yake kumwambia aliyempoteza.

Liko pia lalamiko la zamani, ambalo niliwahi kulishika kwa nguvu, kwamba filamu inaanza na swali zito la sheria kisha inalitupa njiani na kumalizia na ugomvi wa wanaume watatu ndani ya handaki. Sasa naona nililisoma vibaya. Swali la mkataba lilikuwa kama watu wenye nguvu za kutisha wanaweza kuaminiwa bila mtu wa kuwauliza, na kule Siberia swali hilo linaulizwa kwa mara ya mwisho, kwa sauti ya mtu mmoja anayemuuliza rafiki yake kama alikuwa anajua. Zemo, ambaye baba yake, mke wake na mwanawe walifia Sokovia, hakuwa na nguvu yoyote ya ajabu. Alijua kwamba watu wenye nguvu kuliko yeye walikuwa wamejaribu kukiangusha kikosi hicho wakashindwa, hivyo akatafuta jambo ambalo wenyewe kwa wenyewe hawajaambiana. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kama Rogers angezungumza na Stark wakati wowote kati ya siku ile ya New Jersey na mkutano wa Vienna, ukanda ule wa video ungekuwa huzuni kubwa, lakini usingekuwa silaha.

Nawaomba basi wenzangu mnaosimama na Kapteni msinijibu kwa kuniorodheshea maovu ya Ross, kwa kuwa nimeyakubali, wala kwa kunikumbusha kwamba Bucky alitumiwa, kwa kuwa nalo nimelikubali. Nijibuni hili: Rogers alikaa na siri ile akiwa kiongozi wa Stark, akala naye meza moja na kumlaumu kwa kuficha mambo. Je, ni siku gani katika muda wote huo ambayo mnaweza kuionyesha na kusema kwamba siku hiyo kunyamaza kwake kulikuwa halali, na kwa sababu gani ambayo yeye mwenyewe hakuikana katika barua yake?