Binti ana uoni hafifu na hesabu anaziweza: shule maalumu, jumuishi, au abaki hapa mtaani?

Mama Zuu: Habari zenu. Binti yangu ana ualbino, yuko darasa la tano shule ya kutwa. Hesabu za kichwani ananishinda mimi muuza duka. Juzi kaleta daftari limejaa makosa. Nikalilinganisha na la mwenzake: ubaoni iliandikwa 36, yeye kanakili 38, kisha kaikokotoa hiyo 38 bila kukosea hatua hata moja. Naambiwa "uwezo wake mdogo". Inaniuma. Nichague bweni la shule maalumu, shule jumuishi (wenye ulemavu na wasio nao pamoja) yenye kitengo cha mahitaji maalumu, au nipambane hapahapa?

Nukta Sita: Dada, mimi sioni kabisa, nilisoma bweni. Nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa, na kujitegemea nilivipata kule, nashukuru. Ila hesabu tuliachishwa mapema, hata maumbo ya kupapasa hatukuwa nayo. Mwanao anasoma maandishi makubwa, nukta nundu si hitaji lake. Kabla ya kumpeleka, uliza nani anafundisha hesabu.

Mwalimu wa Kitengo: Pole, mama. Mimi nashauri jumuishi, lakini kakione kitengo chenyewe. Vingine ni chumba tu, watoto wanashinda humo kutwa nzima. Uliza kama wanaingia darasani na wenzao kipindi cha hesabu. Na popote atakaposoma, mkuu wa shule amsajili Baraza la Mitihani kuwa ana uoni hafifu: atapata karatasi ya maandishi makubwa, na nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, dakika 10 kwa masomo mengine. Hili lifuatilie mwenyewe.

Baba Wawili: Wetu tulimwacha kutwa. Tulimwomba mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika ubaoni, dawati likawa la mbele, mbali na dirisha la jua. Alama zilipanda muhula uleule. Kasoro yake, mwalimu akihamishwa unaanza upya. Halafu mpe hesabu za darasa la juu yake. Wengi tunahangaikia macho, kipaji tunakisahau.

Mwalimu wa Kitengo: Kweli kabisa. Sekondari za Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana huchukua wasichana wenye ufaulu wa juu. Huyo alenge huko.

Mama Zuu: Asanteni sana. Jumatatu nakwenda kukiona kitengo, na daftari nalibeba. Jioni hii nimemwandikia zilezile hesabu kwa maka peni, tarakimu ndefu kama kidole. Kati ya 12 kakosa moja.